Chevrolet ya 1962 mjini Lubumbashi: kipuri hutafutwa kwa kipimo, si kwa jina la gari

Mwenye gari la Kimarekani la zamani hapa Lubumbashi huulizwa swali lile lile kila anaposimama kwenye kituo cha mafuta: vipuri unavitoa wapi? Anayeuliza mara nyingi ameshajijibu moyoni kwamba vyote vinatoka Marekani kwa bei isiyosemeka, na kwamba gari la namna hii haliwezi kuishi katika mji ambao karibu kila gari ni Toyota. Mimi nashikilia kinyume chake. Mji wetu ulizaliwa na migodi, na migodi imetuachia wakereza vyuma, wauzaji wa beringi, mafundi wa kusuka waya za mota na maduka ya mipira ya haidroliki, watu ambao gari la zamani linawahitaji kuliko linavyomhitaji muuzaji wa vipuri vya magari. Sharti ni moja tu: mwenye gari ajue kuulizia kitu kwa kipimo chake na nambari yake, kwa sababu akikitaja kwa jina la gari atajibiwa kwamba hakipo, hata kama kiko kwenye rafu nyuma ya muuzaji.

Gari langu ni Chevrolet Bel Air ya mwaka 1962, milango minne, usukani kushoto, injini ya V8 ya inchi za ujazo 283, yaani lita 4.6, na giaboksi ya gia tatu ambayo mkono wake umefungwa kwenye shina la usukani. Nililirithi kwa mjomba wangu. Aliliweka chini ya paa kwa miaka mingi, na hewa ya Katanga ikamsaidia, kwa kuwa hatuna chumvi ya bahari wala ile chumvi ambayo Wabelgiji humwaga barabarani wakati wa baridi kali kuyeyusha barafu na ambayo imeyala magari mengi ya rika hili huko Ulaya. Bati la gari langu ni zima. Kazi yote iko kwenye vitu vinavyozunguka, vinavyosuguana na vinavyoziba mafuta.

Kabla ya kununua chochote ni lazima kuelewa pande mbili ambazo magari haya yalitokea. General Motors, kampuni yenye chapa ya Chevrolet, walianza kuunganisha Chevrolet mjini Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1925, na mwaka uliofuata wakafungua kiwanda kingine Port Elizabeth, Afrika Kusini, mji ambao sasa unaitwa Gqeberha. Upande wa Ubelgiji gari lina usukani kushoto, kama sheria yetu ya kuendesha upande wa kulia inavyotaka, na upande wa Afrika Kusini usukani uko kulia. Afrika Kusini iko karibu nasi kwa barabara, na huko bado kuna magari mengi ya Chevrolet ya miaka ya 1950 na 1960 yaliyolala kwenye mashamba na kwenye yadi za chuma chakavu, kwa hiyo mtu wa Lubumbashi hutazama kusini kwanza. Anafanya vizuri, mradi ajue kikomo. Injini, giaboksi, difu, drumu za breki, vitasa, milango, taa na kioo cha mbele vya gari la usukani wa kulia huingia kwenye langu bila shida. Boksi la usukani, fimbo zinazoliunganisha na magurudumu, dashibodi, mitambo ya waipa na mpangilio wa pedali haviingii, kwa sababu vimegeuzwa upande. Nimeona watu wakinunua gari zima la kuchinja Zambia, wakilivuta hadi hapa, kisha wakagundua kwamba kile walichokihitaji zaidi, yaani usukani, ndicho pekee kisichowafaa.

Injini yenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyoidhani. Ukoo wa V8 hizi ndogo za Chevrolet ulianza mwaka 1955 kwa injini ya inchi za ujazo 265, ukaendelea na 283 mwaka 1957, 327 mwaka 1962 na 350 mwaka 1967, na katika muda wote huo umbali kati ya kitovu cha silinda moja na cha jirani yake haukubadilika: inchi 4.4. Ndiyo maana distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi), pampu ya mafuta ya injini na vitu vingine vingi vya 350 hukaa kwenye 283 bila kukata chochote, na 350 zilitengenezwa kwa mamilioni. Anayetaka kujua hasa anamiliki injini gani asome nambari iliyotoka pamoja na chuma cha bloku, nyuma, karibu na kengele ya klachi, pamoja na herufi ya tarehe: A ni Januari, L ni Desemba, zikifuatwa na siku na tarakimu ya mwisho ya mwaka. Magari haya yamebadilishiwa injini mara nyingi, na vyeti vya gari haviandiki hayo.

Sasa spana. Mafundi wetu wamekua na spana za milimita, na gari la Kimarekani la mwaka 1962 limefungwa kwa inchi kutoka mbele hadi nyuma. Spana ya milimita 19 hukaa vizuri kwenye nati ya inchi 3/4, kwa sababu tofauti yake ni nywele. Ya 13 huingia kwenye nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, lakini inacheza, na nati iliyoshika kutu ikifunguliwa hivyo pembe zake huisha. Nati ya 9/16, ambayo imejaa kwenye injini hii, ni milimita 14.29: ya 14 haiingii na ya 15 inateleza. Hatari kubwa zaidi iko kwenye uzi wa bolti. Bolti ya milimita 8 inaweza kushika mizunguko miwili katika tundu la inchi 5/16, na fundi mwenye haraka akaongeza nguvu, na uzi wa bloku ukaharibika papo hapo.

Dawa yake iko hapa hapa mjini. Mitambo ya Caterpillar iliyochimba shaba ya jimbo hili kwa miaka mingi imefungwa kwa bolti za inchi, kwa hiyo wauzaji wanaohudumia migodi wana bolti hizo za daraja imara, uzi mpana na uzi mwembamba, zikiuzwa kwa kilo au kwa moja moja. Seti ya spana za inchi pia nimeipata kwao. Ninazo zangu, ninazibeba ninapompelekea fundi gari, na ninazirudisha nyumbani. Fundi yeyote wa kweli hufurahia kupewa chombo kinachokaa.

Kwa beringi ni hivyo hivyo. Nilipoingia kwenye duka moja la beringi mjini, kijana wa kaunta aliniuliza gari gani, nikamwambia, akatikisa kichwa kwa heshima na kusema hana vitu vya magari hayo. Nikamwekea mezani beringi ya zamani ya gurudumu la mbele niliyokuwa nimeiosha kwa petroli, tukaigeuza kwenye mwanga mpaka nambari iliyochongwa kwenye ukingo ikaonekana. Aliingia ndani na kurudi na mpya yenye nambari ile ile, kwa sababu beringi haijui imefungwa kwenye gari gani; nambari ile hutumika kwenye matrela, kwenye mikanda ya kusafirisha mawe na kwenye mashine nyinginezo. Palipofutika nambari, vipimo vitatu vinatosha: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na upana, vyote vikichukuliwa kwa kalipa na si kwa rula. Sili za mafuta hununuliwa kwa vipimo vivyo hivyo, na mkanda wa feni kwa upana na urefu.

Kile kisichouzwa hukerezwa. Kuna mzee mmoja katika mtaa wa Kamalondo aliyejifunza kazi katika karakana za mgodi enzi ambazo mwanafunzi alikaa kwenye mashine miaka kadhaa kabla ya kuachiwa kazi peke yake. Nilimpelekea distributa yangu ambayo shafti yake ilikuwa ikitikisika ndani ya bushi zilizokwisha, na mtikisiko huo hufanya platini, yaani ncha zinazokata na kuunga umeme wa plagi, zifunguke zaidi kwa silinda moja na kidogo kwa nyingine, kiasi kwamba huwezi kuweka taimingi ikatulia. Nilianza kumweleza ni gari gani. Akaninyamazisha kwa upole: «Mwanangu, jina weka pembeni. Leta shafti.» Aliipima sehemu tatu, juu, katikati na chini, akaniambia kwamba katikati imelika na ataisugua kwanza iwe sawa kabla ya kukata bushi, la sivyo bushi mpya itakufa mapema. Kisha akachukua kipande cha bronzi kilichotoka kwenye pampu ya zamani ya mgodi, akakifunga, akakereza taratibu huku akipima kila mara, na mwisho akapanua tundu kwa rima mpaka shafti ikashuka kwa uzito wake yenyewe bila kuyumba. Alinionyesha mfereji mdogo aliouchonga ndani ili mafuta yasambae. Sijaona kipuri cha dukani kilichotengenezwa kwa uangalifu ule, na malipo aliyoomba yalikuwa madogo kuliko nauli ya kusafirisha distributa nyingine.

Breki ndizo ninazozitilia uzito kuliko yote, na hapa sikubali kubahatisha. Gari hili lina drumu kwenye magurudumu yote manne, na lilitoka kiwandani na masta silinda, yaani pampu kuu ya mafuta ya breki, yenye chumba kimoja tu, maana yake bomba moja likipasuka popote, pedali inagonga sakafu na hakuna breki hata gurudumu moja. Barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, imejaa malori ya shaba na ya mafuta yanayosimama bila taarifa. Magari ya General Motors ya mwaka 1967 yalikuja na masta silinda yenye vyumba viwili, cha mbele na cha nyuma, na mimi nimefunga ya namna hiyo kwa kurekebisha kijiti kinachoisukuma na kutengeneza mabomba mapya. Anayefanya hivyo achague ile iliyotengenezwa kwa gari la drumu pande zote, kwa sababu ile ya disiki haibakizi lile shinikizo dogo ambalo vikombe vya drumu vinalihitaji ili visinyonye hewa. Wapo wanaosema gari la zamani libaki kama lilivyozaliwa. Ninawaheshimu, lakini kwa breki sikubaliani nao.

Vikombe vya mpira ndani ya silinda za magurudumu si vigumu kama vinavyoonekana. Wajapani nao walitumia vipenyo vya inchi kwa silinda nyingi za breki, hata kama kwenye karatasi wanaandika milimita: 25.4 ni inchi moja, 22.2 ni 7/8, 20.6 ni 13/16. Pima silinda yako, kisha nenda kwa muuzaji wa vitu vya Land Cruiser za zamani na umtajie kipenyo hicho. Viatu vya breki ninavipigilia bitana mpya kwa fundi anayewahudumia wenye malori, na nikitoka hapo ninahakikisha kiatu kinagusa drumu katikati kwanza na si kwenye ncha. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na kwetu mvua huanza kwa nguvu Novemba, kwa hiyo ninayabadilisha yote kabla ya mwezi huo. Breki za gari langu hurekebishwa kwa mkono, kupitia tundu dogo la nyuma. Asiyezirekebisha ataona pedali ikishuka siku baada ya siku na kudhani masta silinda imeharibika.

Mafuta ya injini yana jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Kamshafti ya injini hii husukuma tapeti bapa, chuma kwa chuma, na kinachozilinda zisikwanguane ni madini ya zinki na fosforasi yaliyomo kwenye mafuta. Tangu kiwango cha SM cha mwaka 2004 cha API, taasisi ya mafuta ya Marekani, fosforasi ya mafuta mepesi ya petroli imebanwa kwenye asilimia 0.08 ili kulinda vichujio vya moshi vya magari mapya. Mafuta ya dizeli ya 15W-40 yana zaidi. Hata kiwango cha dizeli cha CJ-4 cha mwaka 2006 kiliruhusu asilimia 0.12. Lubumbashi mafuta hayo ya dizeli yako kila mahali kwa sababu ya malori, nami ninayatumia bila wasiwasi, mradi mtungi uwe umefungwa na muuzaji ajulikane.

Petroli yenye madini ya risasi ilikomeshwa katika nchi za kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006, na tangu hapo wenye magari ya zamani huogopa vikalio vya valvu, ambavyo vilitegemea risasi kama kinga. Kwa mwendo wa mjini sioni sababu ya kufungua injini nzima kwa hofu hiyo pekee. Silinda hedi zikifunguliwa kwa sababu nyingine, hapo ndipo pa kumpa fundi anayekarabati hedi za dizeli atie vikalio vya chuma kigumu. Kwake ni kazi ya kila siku. Tuko pia mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopangwa kwa miji ya pwani itamwaga petroli nyingi mno hapa. Jeti za kabureta ya Rochester, yaani vitundu vinavyopitisha petroli, zimeandikwa kipenyo chake kwa sehemu za elfu za inchi, kwa hiyo ni rahisi kushuka hatua moja au mbili na kutazama rangi ya plagi: kahawia hafifu ni nzuri, masizi meusi si mazuri.

Chevrolet ya 1962 bado ina dainamo. Alteneta ilikuja kwenye modeli za 1963. Wengi huing'oa dainamo hiyo. Mimi nimeiacha, kwa kuwa mafundi wetu wa kusuka mota wanaijua kazi hiyo vizuri sana, na brashi za kaboni hukatwa kutoka kwenye kubwa zaidi na kusawazishwa kwa msasa. Ukikaa kwenye foleni usiku na taa zimewashwa, ongeza mwendo wa injini kidogo, inatosha. Rejeta ni ya shaba nyekundu na shaba ya manjano, inalehemiwa. Hakuna mji unaolijua hilo kuliko wetu. Matairi ya inchi 14 yamekuwa adimu kwa magari madogo, lakini yale ya 195R14C ya mabasi madogo ya Hiace yana kimo kinachokaribiana sana na cha matairi ya awali. Kwa rimu, usidanganyike na za BMW: tundu zake tano ziko kwenye duara la milimita 120, za Chevrolet ziko kwenye 120.65, na tofauti hiyo ndogo huzipinda bolti kila unapozikaza.

Kuna shauri moja ninalolisikia mara kwa mara, nalo ni kutoa V8 na kutia injini ya Toyota. Ninaelewa kwa nini mtu anafika hapo: ameshindwa kupata pampu ya petroli au platini, gari limelala mwaka mzima, na fundi wake anaijua Toyota. Lakini baada ya kazi hiyo giaboksi haikai, shafti ya kwenda magurudumu ya nyuma inakatwa, sehemu za kushikia injini zinachomelewa upya kwenye fremu, na mwenye gari anabaki na kitu ambacho hakuna kitabu kinachokieleza. Vitu ambavyo injini hii inavihitaji kutoka nje ni vidogo na vyepesi: platini, kifuniko cha distributa na rota yake, diaframu ya pampu ya petroli, gasketi za kabureta. Vyote vinaingia kwenye begi la mtu mmoja anayerudi kutoka Brussels au Johannesburg. Kondensa nashauri kuweka ile ya zamani kama bado inafanya kazi, kwani nyingi mpya ni dhaifu.

Vitu vizito ninaviagiza pamoja, si kimoja kimoja. Njia yake ni meli hadi Durban au Dar es Salaam, kisha lori kupitia Zambia hadi Kasumbalesa. Tangu daraja la Kazungula, kati ya Botswana na Zambia, lifunguliwe mwaka 2021, malori kutoka kusini yana njia ya pili isiyotegemea kivuko, mbali na ile ya Beitbridge kwenye mpaka wa Afrika Kusini na Zimbabwe. Mzigo uje na ankara halisi, kila kipuri kikiandikwa kwa Kifaransa pamoja na nambari yake ya General Motors, na wakala wa forodha apewe nakala kabla mzigo haujafika mpakani. Sanduku lililoandikwa tu «vipuri vya gari» huleta maswali ambayo yangeweza kuepukwa.

Kwa sasa kazi iliyo mbele yangu ni vioo. Viwanda vya Marekani vinavyotengeneza upya vitu vya Chevrolet hupendelea magari ya milango miwili, na kwa milango minne vioo vya milango ya nyuma ni shida kuvipata. Hata hivyo, Chevrolet hizi kubwa zilianza kuwa na vioo vya pembeni vilivyopinda mwaka 1965. Vya 1962 ni bapa kabisa, maana yake fundi wa vioo anaweza kuvikata kutoka kwenye bamba la kioo cha tabaka mbili, mradi apewe kiolezo cha mbao nyembamba, unene sahihi, na kingo zisagwe vizuri kabla ya kutiwa kwenye reli. Kiolezo cha mlango wa kushoto nimeshakichora kutoka kwenye kioo cha zamani kilichopasuka. Cha kulia kitageuzwa tu upande, lakini nitakipima tena kwenye mlango wenyewe, kwa kuwa mlango ule uliwahi kunyooshwa.